Bandari Tulizoandika Kitale

Tulimzika Kapteni mwezi uliopita, nyumbani kwao Kanduyi, na msemaji wa shughuli akawaambia waombolezaji kwamba marehemu aliendesha meli kubwakubwa hadi Ulaya. Nilikuwa nimeketi kwenye hema la familia, kando ya binamu yangu Edwin, mwanawe, ambaye siku hizi ana upara na miwani ya kusomea. Tuliangaliana tu. Kapteni hakuwahi kufika Ulaya. Hakuwa hata kapteni. Alishika usukani wa tagi, zile meli fupi zenye nguvu zinazosukuma meli kubwa kuingia bandarini Mombasa, na siku zake za mapumziko alikuwa baharia wa watu wenye mashua za matanga, akiwapeleka Shimoni, Kilifi, Lamu, na kuwarudisha. Jina la Kapteni alipewa na majirani wa Kitale alipostaafu na kuja kulima mahindi, kwa sababu alivaa kofia yake ya kazini hata akienda kukamua ng'ombe. Edwin aliniinamia akaninong'oneza, "Mzee angemkatiza huyu." Ni kweli angemkatiza. Katika watu wote niliowahi kuwafanyia kazi, yeye ndiye aliyechukia zaidi kuandikwa kwa jambo ambalo halina uhakika. Lakini hakuwa hivyo siku zote. Nilikuwa ninaishi kwake mwaka ule alipogeuka, na huo ndio mwaka ninaoukumbuka kila nikisikia jina la Kitale.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ninasubiri chuo. Senge Perpetua, yaani shangazi yangu, alituma ujumbe nyumbani Bungoma kwamba mume wake anahitaji mtu wa kumsomea na kumwandikia. Presha ya macho ilikuwa inamfunga polepole kutoka pembeni kuelekea katikati. Ukikaa mbele yake alikuona uso, lakini kikombe kilichokuwa karibu na kiwiko chake hakukiona, na katika nyumba ile vikombe vilivunjika sana. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba matone yangechelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Kapteni alipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa mvua inakuja na bado nguo ziko kwenye kamba. Alikuwa na jambo la kumaliza. Mwanawe Edwin alifanya kazi Kilifi, kwenye kiwanja cha kutengenezea mashua, na kazi yake hasa ilikuwa kuhamisha mashua za watu: hii ipeleke Lamu, ile irudishe Mtwapa. Vijana wenzake walikuwa wakimuuliza, na yeye akimuuliza baba yake kwa simu, mahali gani pa kujificha upepo ukichafuka njiani. Vitabu vya mambo hayo vilikuwepo, lakini viliandikwa kwa Kiingereza, na vilikaa kwenye kabati za wenye mashua. Kapteni alitaka kuandika kimoja kwa Kiswahili, cha mabaharia.

Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Suam, nyumba ya matofali yenye paa la mabati na sebule moja ndefu. Chini ya dirisha palikuwa na meza ya kulia, na juu ya meza ndipo bahari yote ya Kenya ilipotandazwa. Ramani za bahari ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Hii ya kwetu ilining'inia pande zote mbili, na ilikuwa na tabia ya kujikunja, kwa hiyo tuliizuia kwa vifuniko vya sufuria na magunzi ya mahindi. Nchi kavu ilikuwa karibu tupu, na maji yalijaa tarakimu ndogondogo za kina. Mimi niliyesoma jiografia ya shule nilishangaa kuona ramani ambayo nchi ndiyo isiyo na maana. Ilipofika saa ya kula senge alitoka jikoni na sufuria ya ugali mkononi, akasimama kando ya meza, nasi tukaikunja Pwani haraka ili apate pa kuweka chakula. Tulikula kunde na mrenda, siku nyingine omena, na chai ya maziwa isiyokwisha. Nje kulikuwa na baridi ya Kitale, ile inayoshuka kutoka Elgon asubuhi na kuingia kwenye mifupa, na Kapteni alikuwa amejifunga shuka begani akizungumza juu ya joto la Mtwapa.

"Mtu akitoka Kilindini kwenda Lamu na mashua ya tanga hafiki siku moja," aliniambia siku ya kwanza. "Lazima alale njiani. Sasa atalala wapi? Hiyo ndiyo kitabu yetu, Nanjala. Hakuna kingine."

Nilimuuliza kama kuna marina njiani, neno nililolisoma kwenye moja ya vitabu vyake. Akacheka. "Marina ni hoteli ya mashua. Unafunga kamba kwa gati, unapata maji ya bomba na stima, askari anakuangalilia. Za hivyo kwetu ni kidogo sana. Hizi zingine zote ni kama kulala shambani kwa mtu. Unaingia, unatia nanga, unaomba Mungu." Kisha akanieleza anachotaka kujua juu ya kila mahali: ni upepo gani unaozibwa hapo, kusi la kutoka kusini au kaskazi la kutoka kaskazini, mlango wake unauingiaje bila kugonga mwamba, chini kuna nini, mchanga au tope au mawe, na upepo ukigeuka, utatokaje. Alisisitiza hilo la mwisho. Alisema watu wengi hupenda bandari kwa sababu ya jinsi ya kuingia, wakasahau kwamba nayo inaweza kugeuka mtego.

Basi tukaanza, kutoka kusini kwenda kaskazini. Alisema, niliandika, nikamsomea, akarekebisha. Kama wengi wetu wa Bungoma alibadilisha l na r, na siku za mwanzo niliandika nilichosikia. Nilipomsomea "mlango wa Kirifi" alinizuia kwa mkono. "Andika vizuri, mtoto. Mimi ndio nasema hivyo. Mahali penyewe hapasemi hivyo." Aliniambia jinsi mkono wa bahari wa Kilifi unavyoingia nchi kavu ukapanuka kama ziwa, na jinsi mlango wa Mtwapa ulivyo mwembamba. Nilikuwa ninamkatiza kwa maswali, naye hakuchoka. Siku moja alikuwa akisema kwa sauti, "Kabla hujafika mlangoni, shusha matanga," na senge akatokea jikoni na unga mikononi, uso umebadilika. "Matanga ya nani tena? Nani amekufa?" Tulicheka hata yeye akaketi. Kwetu Bungoma matanga ni ya msiba tu. Kapteni alimweleza kwamba ni kile kitambaa cha kushika upepo, naye akajibu, "Basi muandike kitambaa," akarudi kwa ugali wake.

Senge hakuwa adui wa kazi ile, lakini hakuielewa, na alikuwa na haki. Miaka yote ambayo mumewe alikuwa Mombasa, yeye alikuwa Kitale: alipanda, alipalilia, alivuna, alimlea Edwin. Bahari aliiona mara moja tu alipoenda kumtembelea, kutoka juu ya feri ya Likoni, na aliniambia alichokumbuka ni kwamba mtu mmoja alimkanyaga. Chumba changu kilitenganishwa na chao kwa mbao, na kila asubuhi kabla ya kukamua niliwasikia wakizungumza bila kuficha, kama watu waliozoea kuwa wawili tu.

"Baba Edwin, hiyo kitu unaandikia nani? Wewe mwenyewe husomi."

"Edwin anasoma."

"Si Edwin anajua hiyo maji?"

"Anajua kuendesha. Kukimbilia ndiyo hajui. Akiwa na mashua nzuri anafikiria hatawahi kukimbia."

"Ungemwambia aache hiyo kazi, arudi hapa. Shamba iko."

Hapo nikasikia Kapteni akiinua ndoo ya maziwa. Nadhani hilo ndilo lililokuwa ndani ya kitabu chote, ingawa sikulijua wakati ule. Hakutaka kumrudisha mwanawe nyumbani, na hakuweza kumfuata. Alichoweza ni kumtandikia mahali pa kulala njia nzima.

Tulipofika Ngomeni mahindi yalikuwa yamenifika kiunoni. Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Malindi, nyuma ya rasi inayojitokeza baharini. Kapteni alipapenda. Alisema ukitoka Malindi kuelekea Lamu wakati wa kusi, upepo uko mgongoni na kila kitu kinaonekana rahisi, halafu ghuba ya Ungwana inafunguka mbele yako, ndefu, tambarare, bila pa kujificha hadi ukaribie Lamu. Mahali pa mwisho pa kugeuka ni hapo. Ukizunguka rasi na kuingia nyuma yake, nchi inakukinga na kusi. Alinisimulia alivyoingia hapo zamani na mashua ya mtu, na jinsi kulivyokuwa kumetulia baada ya mawimbi ya nje. Niliandika alivyosema: pita karibu na ncha ya rasi, geuka kushoto, utakuta maji ya kutosha na mchanga mzuri wa nanga. Ramani ilikubaliana naye. Yalikuwa miongoni mwa maelezo mafupi kuliko yote, kwa sababu hakuwa na shaka nayo.

Edwin alipiga simu Jumapili ya Julai, tulipokuwa tumetoka kanisani na tumekula. Simu ilikuwa ya senge, mulika mwizi, ile ndogo yenye tochi, na aliishika yeye. Nilimsikia akisema, "Sasa, mwanangu," kwa furaha, kisha akamkabidhi Kapteni simu haraka. Kapteni akaiweka mezani ikaongea kwa sauti, ili nami nisikie.

Walikuwa wametoka Malindi asubuhi kuelekea Lamu, Edwin, baharia mwenzake mmoja, na mwenye mashua, daktari mzee kutoka Nairobi. Kusi lilikuwa limepanda kuliko walivyotarajia. Tanga kubwa lilikuwa limepasuka. Injini ilikuwa imekataa. Daktari alikuwa ameanguka akaumia mbavu na alikuwa amelala chini akihema. Kurudi Malindi dhidi ya upepo, bila injini, hawangeweza. Kuendelea mbele maana yake ni ghuba yote ile na kufika mlango wa Lamu gizani na tanga dogo peke yake.

"Mzee, naingia Ngomeni," Edwin alisema. Sauti ilikuja na kupotea ndani ya upepo. "Ile njia mlinisomea kwa simu. Nimeshaiona rasi."

"Ingia," Kapteni alisema. "Karibu na ncha, halafu kushoto."

"Ndio nakuambia, Mzee. Pale ulisema nipite, maji inavunjika. Naona povu nyeupe kutoka kwa ncha mpaka mbali. Imevunjika yote."

Kapteni alinyoosha mkono kwenye ramani, akapapasa mpaka akaipata rasi kwa kidole. Aliijua ilipo kwa umbali wake kutoka ukingo wa meza. "Soma hapo," aliniambia. Nikasoma tarakimu za kina. Zilikuwa nzuri, za kutosha kabisa kwa mashua ile. "Ramani inasema kuna maji," akamwambia Edwin.

"Mzee, naangalia na macho. Hakuna."

Senge alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, taulo ya vyombo mkononi. Mpaka leo naona uso wa Kapteni pale, ukielekea dirishani ambako kufikia Julai hakuwa tena akiona chochote zaidi ya mwanga. Nilidhani angesisitiza. Alikuwa mtu wa kusisitiza. Badala yake aliondoa kidole chake kwenye ramani.

"Edwin. Sikiliza. Mimi hapo sijui tena. Nilipajua zamani. Mchanga umehama na mimi sikuwa hapo kuuona. Usipite mahali nilisema. Unasikia? Ile maneno yangu, iache."

"Sasa nipite wapi?"

"Niambie unaona nini."

Edwin akaanza kumwambia. Povu linaanzia ncha ya rasi na kwenda nje. Mbali zaidi, upande wa bahari, kuna mahali mawimbi yanapita bila kuvunjika. Rangi ya maji hapo ni ya giza. Kwenye povu ni ya maziwa na chai. Ndani, nyuma ya rasi, anaona milingoti ya mashua za wavuvi. "Hizo zimelala au zinacheza?" Kapteni aliuliza. "Zimelala," Edwin akasema. "Basi ndani ni pazuri. Kuna njia. Wale hawakuruka juu. Nenda nje, zunguka povu yote, usione haya kwenda mbali. Ukifika mahali imeisha ndipo ugeuke. Mwenzako asimame mbele aangalie rangi ya maji. Mimi siwezi kukuambia ugeuke wapi. Wewe ndio uko na macho. Chagua mwenyewe."

"Mzee—" Edwin alisema, na laini ikakatika.

Mvua ya alasiri ikaanza, mvua ya kawaida ya Kitale, na juu ya mabati ikawa kelele tupu. Kapteni aliniambia nichukue simu niende nayo chumbani kwangu ambako mlio ungesikika, kisha akabadilisha mawazo akaishika mwenyewe, akaifunika kwa viganja viwili dhidi ya sikio. Senge aliosha vyombo. Alipomaliza akaviosha tena. Mimi nilibaki mezani na karatasi yangu ya Ngomeni, mwandiko wangu safi, niliouonea fahari, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba maneno yanaweza kuandikwa vizuri, yakakubaliana na ramani, na bado yakawapeleka watu kwenye mwamba. Siku hizi ninachora ramani kwenye ofisi ya ardhi Bungoma. Watu wawili wakija na ugomvi wa mpaka, kila mmoja huniambia, "Si imeandikwa?" Ninavaa viatu vyangu vya matope, naenda shambani kuangalia kabla sijamjibu. Wenzangu huona ni ukaidi. Mimi naona ni Jumapili ile.

Mvua iliacha, na ng'ombe wakaanza kulalamika wakitaka kukamuliwa. Senge alikuwa ameshachukua ndoo simu ilipolia. Ilikuwa namba tusiyoijua, simu ya mvuvi. "Tumetia nanga," Edwin alisema. Kapteni aliuliza, "Chini kuna nini?" kana kwamba ni kazi ya kawaida, na Edwin akajibu, "Mchanga. Imeshika." Daktari alikuwa amechukuliwa na watu wa kijiji na kutafutiwa gari la kwenda Malindi. Senge aliweka ndoo chini, akampokonya mumewe simu, akamuuliza mwanawe maswali yake mwenyewe: umelowa, umevaa nini, nani amekupa chakula. Kapteni alisimama, akatoka nje, akapapasa ukuta hadi kwenye tangi la maji, akakaa huko peke yake. Nilimwacha.

Asubuhi iliyofuata aliniambia nichome karatasi zote. Sikuzichoma. Nilimwambia zina kazi ya senge ndani yake pia, maana kila siku alikuwa ametupisha kwenye meza yake. Akasema, "Basi ziweke mahali nisizisikie." Wiki nyingi zilipita bila kuandika. Aliketi barazani akisikiliza redio, na nikimuuliza jambo la Mtwapa au la Shimoni alijibu, "Sijui. Labda ilikuwa hivyo." Nilimsikia senge nyuma ya mbao. "Mtoto amefika salama. Unalia nini?" Naye akamjibu, "Alifika kwa sababu hakunisikiza, Perpetua. Na wale wengine ambao watasikiza?"

Edwin alikuja Agosti. Alikuwa kijana mrefu, mwekundu machoni kwa chumvi na jua, akizungumza Kiswahili cha Kilifi kilichochanganyika na Sheng, na mbele ya baba yake alijirekebisha. Aliponikuta jikoni alisema, "Niaje, cuzo. Wapi hiyo kitabu?" Nikamwonyesha rundo chini ya kitanda changu. Alilileta mezani wakati wa chai, akaliweka mbele ya Kapteni na kuuvuta mkono wa baba yake juu yake.

"Mzee, hii tumalize."

"Ni uongo."

"Si uongo. Ni ya zamani. Mtwapa nimepita wiki jana vile umesema, iko sawa. Kilifi iko sawa. Ngomeni ndiyo imebadilika. Hiyo tu."

"Unajua ni hiyo tu? Umepita zote?"

"Hapana."

"Basi hujui. Mimi pia sijui."

"Sasa si tuandike hivyo?" Edwin alisema. "Mahali tunajua, tuandike tunajua. Mahali hatujui, tuandike hatujui. Wale vijana si wajinga, Mzee. Mtu akiambiwa hapa hatujahakikisha, ataangalia. Ile inaua ni kuambiwa pako sawa."

Kapteni alimaliza chai yake. Halafu akamwambia, kwa sauti ya mtu anayepatana bei ya ng'ombe, kwamba anataka kuipitia Ngomeni mwenyewe. Edwin alisema Septemba kusi bado lingekuwepo lakini limepoa, na daktari, ambaye mbavu zake zilikuwa zinapona, alikuwa ameshamwambia mashua ni yake akiihitaji. "Lakini utaona na nini?" Edwin aliuliza, bila ubaya. Mimi nikajua jibu. Nilikuwa nimeisoma Pwani yote mwaka mzima. Nilijua jina la kila rasi na sikuwa nimewahi kuiona hata moja. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguo gani nitabeba.

"Nitaenda mimi," senge alisema.

Sote tuligeuka. Alikuwa anachambua maharagwe mapajani, hakuinua kichwa. "Mahindi inakauka sasa, haina kazi. Nanjala anajua kukamua. Amekaa huko miaka hiyo yote na mimi sijui hata inafanana aje. Nitamwambia chenye naona." Mimi nilikasirika, nikaenda kuosha vikombe kwa kelele, na hasira yangu ilidumu mpaka walipopanda basi. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba safari ile ilikuwa yangu.

Kitabu tulikimaliza Oktoba. Hakikuwa kitabu hasa. Kilipigwa fotokopi mjini Kitale na kubanwa kwa plastiki pembeni, na Edwin akabeba nakala kwenda nazo Kilifi. Mahali pengi kiliandika, "Hatujahakikisha. Muulize mvuvi wa hapo." Kapteni alinitaka niyaandike maneno hayo kwa herufi kubwa kuliko mengine. Siku hizi vijana wana simu zinazowaonyesha mchanga kutoka angani, na Edwin anasema nakala alizobaki nazo zimeliwa na mchwa. Sioni huzuni. Kilifanya kazi yake kwa muda wake. Kapteni alipofuka kabisa mwaka uliofuata, mimi nikiwa chuoni, na aliishi miaka mingi akiwa hivyo, akikamua kwa kupapasa, akinipigia simu kuniuliza ninachora nini na kama nimefika mwenyewe mahali ninapopachora.

Maelezo mapya ya Ngomeni nilikuwa nimeyapata kwa simu Septemba ile, Kitale, mchana wa jua, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya ghala na daftari magotini. Aliyepiga alikuwa senge. Alikuwa akipaza sauti kama watu wanavyopaza wakiwa mbali, ingawa laini ilikuwa safi.

"Uko na kalamu? Andika. Tumeingia. Tulienda mbali sana huko nje, mimi nikaona huyu Edwin anatupeleka Uhindi. Maji huko inaruka kama mahindi ya kukaanga. Halafu ile nyeupe ikaisha, nikamwambia Baba Edwin, imeisha, akasema una hakika, nikasema ndio nina hakika, akamwambia Edwin geuka."

"Senge, iliishia wapi? Ukilinganisha na rasi?"

"Ngoja, Edwin atakupa hiyo namba zake. Mimi nakupa ile nimeona. Ukigeuka, unaona miti imesimama ndani ya maji, mizizi nje, kama watu wamekunja nguo wakivuka mto. Hiyo ukiiona, umefika. Upepo unausikia kwa juu lakini haukushiki. Maji imetulia kama maziwa umeacha igande."

Nikaandika. Nilimuuliza chini kuna nini, akasema mchanga, Edwin ametupa nanga na ameivuta mara mbili na haitoki. Nilimuuliza kama upepo ukigeuka kaskazi pataingiwa na mawimbi, akasema ngoja, akauliza mtu, akarudi: ndiyo, pataingiwa, wakati wa kaskazi mtu asilale hapo. Yote niliyaandika. Kisha nikamwomba anipe Kapteni, nimsomee arekebishe kama kawaida.

"Amelala," senge alisema. Akapunguza sauti kwa mara ya kwanza. "Amelala hapa kwa mbao, kofia kwa uso. Huyu mtu hajalala mchana tangu macho ianze kumsumbua. Hiyo pia andika."

"Niandike kwamba Kapteni amelala?"

"Si mlisema kitabu ni ya watu wanatafuta mahali pa kulala?"

"Ndiyo, senge."

"Basi andika. Nimekaa naye, nimeona."

Nikaandika, na Kapteni aliporudi Kitale nikamsomea, hakubadilisha neno.